Mjadala: Mkaguzi wa mionzi aanzie penye hatari kubwa, au agonge kila mlango?

Mtoa hoja (mhandisi wa barabara, Ubungo)

Ndugu wachangiaji, Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 inamtaka mwenye chanzo cha mionzi awe na leseni na akubali kukaguliwa, na dhamana hiyo imekabidhiwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Swali langu ni hili: je, wakaguzi wagawe siku zao sawa kwa sawa, au ukaguzi uzingatie vihatarishi, yaani waende mara nyingi kule ambako kosa moja linaua na kwingine wapite kwa nadra? Mimi niko upande wa pili, ila nina sharti.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limevigawa vyanzo katika makundi 5, kuanzia la hatari kubwa zaidi. Kundi la 1 lina mashine za kutibu saratani zenye kobalti-60, metali inayotoa mionzi, ambazo chanzo chake kikiwa wazi, mtu aliye karibu anaweza kupata dozi ya kuua katika muda wa dakika chache hadi saa moja. Kundi la 2 lina iridiamu-192 ya kupigia picha viungio vya mabomba vilivyochomelewa. Geji ya nyuklia tunayopimia mgandamizo wa udongo barabarani, ile ya manjano inayofungwa kwa mnyororo nyuma ya pikapu, ni ya kundi la 4. Kuikagua geji yangu kwa ukali uleule wa mashine ya kobalti ni kupoteza siku ya mkaguzi, na siku hizo hazitoshi.

Sharti langu ni kwamba kundi huandikwa siku ya leseni, ilhali hatari haikai mahali pamoja. Chanzo kinachotumika kina mwenyewe, kina kufuli na kina daftari. Chanzo kilichostaafu hakina mtu. Huko Goiânia, Brazili, Septemba 1987, watu wawili waliingia katika kituo cha tiba kilichokuwa kimehamwa, wakang'oa kichwa cha mashine ya sesiamu-137 na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Unga uliokuwa ndani uling'aa kwa rangi ya buluu gizani, na kwa uzuri wake ukagawiwa kwa ndugu na jamaa. Watu 4 walikufa, akiwamo mtoto wa miaka 6, 249 wakakutwa na uchafuzi, na zaidi ya 100,000 wakapimwa. Nasi tuna vijana wanaopita Manzese na Tandale na mikokoteni, wakinunua chuma kwa kilo. Madini mazito ya risasi yanayokizunguka chanzo yana bei nzuri, na alama ya mapanga matatu inayoonya kuhusu mionzi haiipunguzi bei hiyo hata shilingi.

Mteknolojia wa radiolojia, Temeke

Kaka Mhandisi, orodha yako imetuacha nje kabisa. Mashine ya eksirei haimo katika makundi hayo matano, kwa kuwa haina mada yenye mionzi ndani yake. Ukizima umeme, mionzi imekwisha. Kwa mizani yako basi, sisi ni wa kupitiwa kwa nadra, au wa kusahauliwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mionzi ya kutengenezwa na binadamu inayowafikia watu hutoka katika vipimo vya hospitali. Mfanyakazi wa mionzi ana kikomo cha wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida ana milisiveti 1, lakini mgonjwa hana kikomo cha namba. Kinga yake ni daktari kuwa na sababu ya kuagiza picha na mashine kuwa imerekebishwa vizuri.

Niliwahi kufanya kazi katika zahanati moja ambako aproni ya risasi ilikunjwa mara nne na kusukumwa chini ya meza. Wenye kazi wanajua kwamba aproni hutundikwa, kwa sababu ikikunjwa risasi inapasuka kwa ndani huku kitambaa cha nje kikiwa kizima. Beji zetu za kupimia mionzi zilining'inia kwenye msumari nje ya mlango, na majibu yakarudi safi kila mara, maana msumari haupigwi picha. Kwenye karatasi tulikuwa mfano wa kuigwa. Siku mkaguzi alipobisha hodi ndipo aproni ilipokunjuliwa na kupigwa eksirei yenyewe, tukaiona mistari kama tope lililokauka. Niambie, Kaka, tathmini gani ya vihatarishi ingeuona mkunjo ule kutoka ofisini?

Wakala wa forodha, Kurasini

Ninyi mnazungumzia mashine, mimi naleta maziwa ya unga. Upimaji wa mionzi katika vyakula una chimbuko la haki, kwa kuwa ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya mwaka 1986 ilitia sesiamu katika malisho na maziwa ya nchi nyingi za Ulaya. Lakini shehena ya kiwanda kilekile, iliyopimwa safi miaka nenda rudi, ingetosha kupimwa kwa sampuli za kushtukiza. Kontena linalosubiri cheti cha mionzi linahesabiwa siku, na siku hizo mlaji anazilipa dukani.

Mtoa hoja

Wakala, hapo sina ubishi. Dada yangu, msumari umenishinda. Nilipima hatari kwa ukubwa wa ajali moja, nikasahau idadi ya watu wanaolala juu ya meza ile kila siku. Nakubali zahanati zigongewe hodi bila taarifa, hata kama ni chache kwa bahati nasibu, ili kila mmoja ajue zamu yake inaweza kuwa kesho.

Ila la vyuma chakavu siliachi. Kabla ya leseni, mwingizaji aonyeshe mkataba wa kukirudisha chanzo kwa mtengenezaji, na aweke fedha za kazi hiyo mapema, kwa maana kampuni hufa kabla ya sesiamu. Katika stoo ya kampuni niliyoanzia kazi kulikuwa na geji mbovu, imefunikwa turubai nyuma ya mapipa ya lami. Kampuni ilifungwa miaka 10 iliyopita. Sesiamu-137 iliyomo ndani ya geji hupungua kwa nusu kila miaka 30, kwa hiyo karibu asilimia 80 ya nguvu yake ya siku ile bado ipo. Jana usiku nimemtumia ujumbe aliyekuwa mtunza stoo, kumuuliza turubai lile lilikunjuliwa na nani.