Mjadala: Nebula kwa kamera ya rangi au nyeusi-nyeupe?

Wakuu, tubishane kwa heshima. Kila anayeanza kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota, huambiwa kamera ya rangi ni ya wanagenzi, kazi ya kweli ni nyeusi-nyeupe. Mimi, darubini yangu ikiwa juu ya paa la zege hapa Dar, nakataa.

Hoja yao naijua. Kwenye sensa ya rangi (siyo ile ya watu na makazi, ni kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga), katika kila pikseli nne mbili huona kijani, moja nyekundu, moja bluu. Mwanga mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656, unaambulia pikseli moja tu. Kwenye nyeusi-nyeupe zote nne zinaufaidi, ila rangi unaipata kwa kupiga kupitia filta nyekundu, kijani na bluu, moja baada ya nyingine, kisha unaziunganisha. Sawa.

Lakini nebula ya Karina, ambayo London hawaioni kabisa, hukaa vizuri angani jioni za Machi hadi Mei. Yaani masika! Mwaka jana niliazima nyeusi-nyeupe: filta nyekundu nikamaliza, kijani nikapata fremu nne, saa nne usiku wingu likafunga duka. Bluu naidai hadi leo. Ya rangi ingenipa picha nzima, hata yenye chenga.

Mchangiaji 1: Mkuu, kesi yako ni ya wingu, unamshtaki sensa. Weka filta ya haidrojeni peke yake, taa za mji zinakatwa karibu zote, na fremu chache zinakupa nebula safi. Nani kakulazimisha rangi tatu?

Mwanzisha mada: Hapo umenibana. Ila kuna filta inayopitisha haidrojeni na oksijeni kwa mpigo, ukaifunga kwenye kamera ya rangi. Nyeusi-nyeupe unanunua na gurudumu la filta, na filta zenyewe moja moja. Mfuko unalia.

Mchangiaji 2: Mnagombania rangi, joto linawacheka. Chenga za joto huongezeka takriban maradufu kila nyuzi 6, na usiku wetu wa pwani ni nyuzi 27. Sensa ya IMX571 ya Sony ipo ya rangi na ya nyeusi-nyeupe, pikseli zilezile za mikroni 3.76. Chukua yoyote, mradi kamera iwe na kipoozi.

Mwanzisha mada: Kipoozi sina ubishi. Ila aliyewahi kumaliza Karina kwa filta zote tatu usiku mmoja wa Aprili, aitupie hapa tuione.