Kasha la misumari ya shaba linatoa unga, seremala anataka kupiga msasa

BintiNgamiani:
Salaam wakuu. Hapa Tanga tuna kasha lililotoka kwa mama yake bibi: urefu futi 4, droo tatu chini, mbele limejaa misumari ya shaba. Ubao wa nyuma na wa chini una vitundu vya kiasi cha kichwa cha pini, na sakafuni hudondoka unga laini kama wa ngano. Mbele hakuna kitundu hata kimoja. Seremala anataka apige msasa lote, ndani apake oili chafu, kisha vanishi. Nimkubalie?

Patasi:
Asilishike kwanza. Huyo ni bungua, si mchwa. Mchwa angeacha udongo. Bungua wa unga laini hula mbao nyeupe ya pembeni mwa gogo, yenye wanga. Huenda mbele ni moyo wa msaji (mtiki), ambao haumpendezi, na nyuma fundi wa zamani aliweka mbao ya bei rahisi. Ndiyo maana kaanzia huko.

Unga peke yake hauthibitishi kwamba yu hai, maana mtikisiko wa droo huangusha hata unga wa miaka iliyopita. Fagia, zungushia kila kitundu penseli, tandika karatasi nyeusi chini, subiri wiki kadhaa. Kikizuka kitundu kisicho na alama, piga dawa.

Mkwakwani77:
Mafuta ya taa tu, mkuu. Yamesaidia wengi.

Patasi:
@Mkwakwani77 yanaua anayelowa, kisha yanayeyuka; aliye ndani kabisa anabaki. Oili chafu ndiyo balaa: mbao inakuwa nyeusi, harufu haitoki, na kanga zote zitakazokunjwa humo zitaharibika.

Tafuta dawa ya mbao yenye permethrin, ya mafuta, si ya maji, kwani maji huvimbisha ubao. Toa droo, paka kwa brashi upande usio na polishi; polishi huzuia dawa kupenya. Kisha chukua sindano ya mililita 5, dunga kitundu kimoja kila sentimita 5 hivi, kwa kuwa njia zao zimeungana ndani. Vaa miwani! Dawa ikiingia huku huruka kwa tundu la kule, mara nyingi usoni. Fungia kasha kwa nailoni wiki mbili, halafu liache wazi hadi harufu iishe kabla ya kurudisha nguo. Mwisho ziba vitundu kwa nta.

ShabaSafi:
Msasa hapana kabisa. Vichwa vya misumari hiyo ni vyembamba, msasa unavila, na ile rangi ya uzee hairudi. Limau na chumvi nalo uache: asidi hupenya pembeni mwa msumari, na penye chuma chini yake msaji hupata doa jeusi. Kutu ya kijani kwenye shaba itoe kwa kijiti cha mwanzi na pamba yenye spiriti kidogo, lakini kwanza jaribu tone pembeni pasipoonekana. Polishi ikinata kidoleni, hiyo ni shelaki, na spiriti itaivua. Hapo tumia kijiti kikavu tu. Shaba ikibaki na weusi, vizuri, ndio uzuri wake.

Badala ya vanishi, nta ya nyuki iliyolegezwa kwa tapentaini, kiasi kidogo sana, usugue kwa kitambaa cha pamba. Ukichagua mafuta ya kitani, matambara yake usiyakunje ukayatupa kapuni: hujiwasha yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

BintiNgamiani:
Ahsanteni. Kona moja imeachia, gundi nyeupe itafaa?

Patasi:
Msaji una mafuta, gundi haishiki. Kwangua gundi ya zamani, futa kiungo kwa asetoni, gundisha papo hapo. Mimi ningetumia gundi ya mifupa: fundi wa baadaye ataifungua kwa maji ya moto bila kuvunja ulimi wa kiungo. Na fanya Januari au Februari, masika yasikukute. Likirudi ndani, lisigusane na ukuta wa nje. Acha nafasi ya kiganja.