Wauza pawa saplai, hizo "600W" zenu mnazipima na nini? Nimechoka!

Wakuu, hivi ni nani aliwaruhusu hawa watu wachape namba yoyote wanayojisikia kwenye boksi la pawa saplai, yaani kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta? Ukiuza sukari, ukaandika kilo moja halafu ndani ukaweka nusu, unaitwa mwizi na utapelekwa mbele. Ukiuza pawa saplai ya "wati 600" isiyofika hata nusu pale inapotakiwa, unaitwa mtu wa bei poa. Na mteja akilalamika, eti hajui kompyuta!

Mashine yangu si ya kutisha hata kidogo. Kadi ya grafiki ni RTX 3060, ambayo Nvidia wenyewe wanasema inakula wati 170. Prosesa ni Ryzen 5 ya daraja la wati 65, ikibanwa sana inapanda kukaribia 80. SSD moja, RAM vijiti viwili, feni tatu. Ukijumlisha kila kitu kwa mkono mpana, na mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote) ndani yake, hufiki wati 300. Pawa saplai imeandikwa 600W kwa maandishi mekundu pande zote nne za boksi. Kwa akili ya kawaida hapo umebakiza nusu nzima, si ndiyo?

Basi sikilizeni. Windows inawaka freshi. Video zinacheza. Nyaraka unaandika mpaka uchoke. Fungua gemu sasa: menyu inakuja vizuri, mechi inaanza kupakia, pap! Giza. Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe wa kosa, feni zote zimesimama kwa pamoja. Ukiichomoa ukutani, ukasubiri kidogo, ukaichomeka, inawaka kana kwamba haijafanya lolote.

Nikamrudia muuzaji. Jibu la kwanza: "Piga Windows upya." Nikapiga. Jibu la pili: "Hilo gemu ni zito, punguza grafiki." Yaani ninunue kadi ya grafiki halafu nipunguze grafiki ili pawa saplai yake isichoke! Jibu la tatu ndilo lililonitoa mvuke: "Kadi yako inakula sana umeme, uza ununue ndogo." Muuzaji huyo huyo ndiye aliyeniuzia kadi na pawa saplai kwa pamoja, akasema zinaendana.

Sasa tuje kwenye kibandiko. Simaanishi boksi, namaanisha kile kibandiko cha pembeni kwenye chuma chenyewe, chenye jedwali la herufi ndogo ambalo hakuna tangazo linalolipiga picha. Changu kinasomeka hivi: volti 12, ampea 22. Volti 5, ampea 36. Volti 3.3, ampea 32. Kisha kuna kile cha kusubiria, cha wakati mashine imezimwa lakini imechomekwa, volti 5 ampea 2.5, na volti 12 hasi yenye ampea 0.8. Wati ni volti mara ampea, hesabu ya shule. Volti 12 inakupa wati 264. Volti 5 inakupa 180. Volti 3.3 inakupa kama 106. Vile vidogo viwili kwa pamoja havizidi 23. Jumlisha vyote: unapata 572 hivi. Hata kwa hesabu yao wenyewe, hata ukikubali kila uongo walioandika, 600 haifiki!

Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kompyuta ya leo inaishi kwenye volti 12. Kadi ya grafiki inakula volti 12. Prosesa inalishwa kwa volti 12, mazabodi ndiyo inayoishusha mpaka volti moja na kitu inayotakiwa. Feni ni volti 12. Hizo volti 5 na 3.3 zimebakiwa na vitu vidogo: SSD, USB, makorokoro ya mazabodi. Kwa hiyo karibu mzigo wangu wote wa wati 290 hivi unakwenda kukaa kwenye mlango wa wati 264, huku wati 286 za milango mingine hazina wa kuzitumia. Na hata hizo ni za kwenye karatasi, kwa sababu volti 5 na volti 3.3 kwa kawaida zina kikomo cha pamoja. Ukiivuta moja mpaka mwisho, nyingine inabakiwa na kidogo. Watengenezaji waungwana wanaandika kikomo hicho kwenye kibandiko. Kwangu hakipo.

Mgawanyo huu unatoka wapi? Ni wa kizamani tu. Zamani zile prosesa zilikuwa zinalishwa kutoka volti 5, kwa hiyo pawa saplai kuwa na volti 5 nene ilikuwa sawa kabisa. Mwaka 2000, Pentium 4 ilipokuja, Intel wakatoa kiwango cha ATX12V na kile kichwa cha pini nne cha kulisha prosesa volti 12. Tangu hapo mzigo umekuwa ukihamia volti 12 mwaka hadi mwaka. Robo karne imepita, na kuna watu bado wanaunda muundo ule ule, wanabadilisha rangi ya feni, wanaweka taa, wanaandika "Gaming".

Chukueni pawa saplai ya wati 550 ya mtengenezaji anayejiheshimu mlinganishe. Kwenye volti 12 utakuta kama ampea 45, maana yake wati 540. Karibu namba yote ya kwenye boksi ipo pale inapotumika. Kwa hiyo "550" hiyo ni zaidi ya mara mbili ya "600" yangu. Muuzaji yeyote anayejua kuzidisha anaweza kuliona hili kabla hajafungua mdomo kumshauri mteja.

Waya nao ni vituko. Kadi yangu inataka kichwa kimoja cha pini nane, ambacho kwa kiwango kinabeba wati 150. Zilizobaki inavuta kwenye sloti ya mazabodi, inayotoa hadi 75. Pawa saplai ya "600W Gaming" haina kichwa hicho hata kimoja! Nikapewa kiunganishi, pini nane upande huu na vile vichwa vya zamani vya diski viwili upande wa pili. Na nishukuru kupewa hicho, kwa sababu kuna wenzangu wanapewa cha SATA. Sikilizeni vizuri hapa: kichwa cha umeme cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Hiyo ni ampea 4.5, wati 54, basi. Mtu anakuambia uvute 150 hapo. Ndiyo maana plastiki inayeyuka. Ukiona kiunganishi hicho kwenye boksi la kadi au mkononi mwa muuzaji, kitupe.

Nikachukua tochi nikamulika ndani kupitia matundu ya feni. (Kufungua sikufungua, na wewe usifungue. Kapasita kubwa za mle ndani zinakaa na zaidi ya volti 300 za umeme wa moja kwa moja, na zinaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa.) Transfoma ndogo, vyuma vya kupoozea vyembamba kama vile vimekatwa kwenye kopo. Upande umeme unapoingilia, pale panapotakiwa kuwa na koili na kapasita za kuchuja uchafu, bodi imechorwa nafasi zake kabisa, ila nafasi ni tupu. Alama ya koili imerukwa kwa kipande cha waya. Nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230, dalili ya muundo wa zamani usio na saketi ya kurekebisha mvuto wa umeme. Kiswichi hicho kikiwa 115 na ukuta wako ni 230, mlipuko wa papo hapo. Uzito wake, ukishika boksi unadhani wamesahau kuweka kitu.

Naona majibu yameanza kushuka huko chini, acha nijibu hapa hapa.

Kuna wanaosema "ungechukua yenye 80 PLUS tu, yameisha". Hayajaisha, mkuu. 80 PLUS inapima ufanisi, yaani umeme kiasi gani unaovutwa ukutani unafika kwenye kompyuta na kiasi gani unapotea kuwa joto. Daraja lake la Bronze kwa umeme wa volti 115 ni asilimia 82, 85 na 82 katika mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Gold ni 87, 90 na 87. Inapimwa kwenye joto la nyuzi 23, ndani ya kesi yako wakati wa gemu hakuna nyuzi 23. Haisemi chochote kuhusu umeme kutulia, wala kinga, wala waya. Ni dalili njema kwamba mtu alijitahidi, na mimi ningeichukua mbele ya isiyo nayo, lakini si cheti cha usalama. Mnakumbuka pawa saplai ya Gigabyte P750GM? Ile ilikuwa Gold. Kipindi cha uhaba wa kadi ikawa inauzwa kwa kufungashwa pamoja na kadi za grafiki, Gamers Nexus, wale wapimaji vifaa wa YouTube, wakaipima, zikafa mikononi mwao, nyingine kwa mlipuko. Agosti 2021 Gigabyte wakakubali kubadilishia wateja, na wakasema wameshusha kiwango cha kinga ya kuzidiwa kutoka asilimia 120 hadi 150 ya wati zake kwenda 110 hadi 120. Kampuni kubwa hiyo, na kibandiko cha Gold juu.

Tena kuna mtu hapo kaandika kwamba pawa saplai ya wati 600 yenye ufanisi wa asilimia 80 inatoa 480. Hapana jamani! Wati za kwenye boksi, kama ni za kweli, ndizo zinazotoka. Ufanisi unaongeza kile unachovuta ukutani: kompyuta ikitaka 400 na ufanisi ni asilimia 80, ukuta unatoa 500.

Halafu kuna kundi la "chukua wati 1000 uwe na amani". Ninyi mnanikera karibu sawa na wauzaji. Namba ya uongo haigeuki ya kweli kwa kuongezwa sifuri. Nvidia wenyewe kwa 3060 ya wati 170 wanashauri pawa saplai ya 550, na mimi naamini sehemu ya sababu ni hizi takataka: hawajui utanunua ipi, wanakuwekea nafasi ya kubahatisha. Waongo wanawafanya hata wakweli wazidishe, na gharama tunabeba sisi.

Nafasi ya ziada inatakiwa, sibishi. Kadi za grafiki zina tabia ya kuruka ghafla, zinavuta mara mbili ya kawaida yake kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kadi kubwa za mfululizo wa 3000 ndizo zilizolifanya tatizo hili lijulikane, watu wenye pawa saplai nzuri wakaanza kuzimikiwa. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kikaja na sharti kwamba pawa saplai ya zaidi ya wati 450 yenye kile kichwa kipya cha pini 16 cha kadi ya grafiki ihimili mara mbili ya wati zake kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa hiyo ukiona ATX 3.0 au 3.1 kwenye kibandiko, hilo lina maana zaidi kuliko neno "Gaming". Ila kichwa hicho kisukume mpaka mwisho kabisa, kisibaki na mwanya. RTX 4090 zilipotoka mwaka 2022 tuliona vilivyoyeyuka.

Aliyeuliza kama anaweza kuhamisha waya kutoka pawa saplai yake ya zamani kwa sababu "plagi zinaingia": usithubutu. Upande wa kompyuta ni kiwango kimoja, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini zake, hata aina mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Unaweza kupeleka volti 12 kwenye diski mahali pa volti 5 na ukaaga kila ulichohifadhi.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki cha mwisho. Nimerudi kudai hela yangu. Muuzaji akaichukua pawa saplai, akakunja klipu ya karatasi, akaunganisha waya wa kijani na mweusi ili iwake bila kompyuta, akachomeka ukutani. Feni ikazunguka. Akaniangalia: "Si unaona? Nzima hii." Feni yenyewe inakula wati mbili tatu! Nikamwambia aifunge kwenye mashine yangu, afungue gemu. Akasema hana muda huo, ila kwa kuwa mimi ni mteja wake atanisaidia: niongeze hela kidogo nipewe "kaka yake", wati 800, chapa ile ile.

Nikaigeuza boksi, nikaomba aifungue nisome kibandiko. Volti 12, ampea 24.