Mashina 270 ya kahawa ya baba: kuna njia ya kuyaokoa?

KijanaWaKahawa:
Wakulima wenzangu, hamjambo. Baba alituachia nusu ekari ya kahawa ya SL28 hapa Kiambu, upande wa kuelekea Ruiru. Mama bado anaichuma mwenyewe, kikapu kiunoni, leso ikikishikilia. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, mabroka hawakauki kwetu. Mwezi jana mmoja alikuja na futi yake, akapima, akapigilia vigingi katikati ya miti kabla hata hajamsalimu mama. Jioni mama aling'oa vigingi vyote akavipikia githeri.

Kakangu anataka tukate ploti za 50 kwa 100, tuuze. Mimi moyo unakataa. Ila msimu uliopita ule ugonjwa wa CBD ulitumaliza: matunda yanakuwa meusi yakiwa mabichi, yanadondoka. Dawa tulizopiga zilikula karibu malipo yote ya kiwanda. Nifanye nini bila kuanza na miche upya?

MkulimaGatundu:
Using'oe, ndugu yangu! Bandika aina za kahawa za Ruiru 11 au Batian juu ya mashina hayo hayo. Zote mbili zinahimili CBD na kutu ya majani. Ruiru 11 ilitolewa 1985, Batian 2010. Kwenye kila mti kata shina, acha moja la zamani liendelee kukulisha. Machipukizi yakinenepa kama penseli, chagua mawili, pasua, chomeka kikonyo (kijiti cha ile aina mpya), funga nailoni vizuri maji yasiingie. Mizizi ya baba imeshazama chini, hiyo ni mali. Mimi nilianza na mashina 60 kabla ya kugusa mengine.

MamaNg'ombe:
Mwanangu, sisi tuliuza. Nilikuwa na majani yangu ya nepia ya kulisha ng'ombe wawili. Leo naagiza majani kwa pikapu na ng'ombe amebaki mmoja. Hati iko kwa jina la nani? Kama bado ni la marehemu, hakuna ploti ya kuuzwa mpaka mirathi ipite mahakamani, na hata hapo bodi ya ardhi itataka kumwona mama.

KijanaWaKahawa:
Asante, mama. Bado ni la baba, nimeitoa sandukuni sasa hivi nikaangalia. Kaka anakuja Jumapili, nitamwonyesha. MkulimaGatundu, hivyo vikonyo ulivitoa wapi? Nataka tuanze na safu ile ya karibu na jiko, mama awe anaiona.

MkulimaGatundu:
Kituo cha utafiti wa kahawa, Ruiru, si mbali na kwenu. Nenda asubuhi, na gunia bichi la kuvifungia visikauke njiani.