Mrejesho: ile picha ya ndege ya vita ya Iringa

Wakuu, niliuliza picha ya ndege ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyotunzwa na familia moja hapa Iringa, ni ya ndege gani na isambazwe vipi.

Ni Henri Farman F.27. Kikosi cha anga namba 26 cha Uingereza kilikuwa nayo Afrika Mashariki pamoja na ndege nyingine, BE2c, ila BE2c ina injini mbele na propela ya mapanga manne. Kwenye picha yetu injini iko nyuma ya rubani, mkia umeshikwa na vyuma vyembamba. Ubishi umeisha.

Kuskani: nukta 1200 kwa inchi, faili la TIFF (aina isiyopunguza ubora wa picha), na kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ili madoa ya njano yatasafishika baadaye. Skani na mgongo pia, maandishi ya penseli ndiyo ushahidi wenyewe. Picha iliyogandia kioo cha fremu msiibandue, sura itabaki kwenye kioo. Ipigwe hapohapo kwa kamera, mwanga utoke pembeni.

WhatsApp itumwe kama dokumenti. Ikienda kama picha inabanwa, na namba za ubavuni mwa ndege hazisomeki tena.