Gharama ya ufundi imezidi bei ya spea: je, hiyo ni haki?

Mwenye gari

Ndugu zangu, naomba mwongozo wenu. Gari langu la manyuali lilianza kuteleza klachi: nikipanda mlima injini inavuma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki. Fundi akabadilisha klachi pleti, presha pleti na beringi yake kwa pamoja. Nilipopewa hesabu nilishangaa kuona kwamba gharama ya ufundi imezidi bei ya klachi yenyewe. Aliandika saa 6 za kazi, ilhali gari lilikuwa tayari baada ya kazi ya saa 4 tu, na zaidi ya hapo alibadilisha sili ya nyuma ya krenki (pete inayozuia oili ya injini isivuje upande wa klachi) bila kuniuliza. Sipendi kumdhulumu mtu aliyetoka jasho, wala sipendi kudhulumiwa. Nipime kwa kipimo gani?

Fundi wa injini

Ndugu, bei ya spea haiwezi kukuonyesha ukubwa wa kazi. Klachi imekaa kati ya injini na giaboksi, na kuifikia ni lazima giaboksi ishuke; kabla haijashuka, mara nyingi ekseli huchomolewa, stata hufunguliwa, nyaya hutenganishwa, na injini hutegemezwa isilale upande mmoja. Kuiweka klachi mpya ni kazi ya muda mfupi, bali muda mwingi huishia kwenye kufungua na kufunga.

Kuhusu saa 6 na saa 4, watengenezaji wa magari huchapisha vitabu vinavyoonyesha muda unaokadiriwa kwa kila kazi, na gereji nyingi hutoza kwa muda huo hata kama fundi amewahi kumaliza. Utaratibu huo unamlinda mteja pia, kwa sababu fundi mzito akitumia saa 9, nawe unalipa zile zile 6. Isipokuwa bolti zilizoshikwa na kutu. Hizo hazina kitabu, na fundi muungwana hukuita uzione kabla hajaongeza chochote.

Sili ile ni kipande kidogo cha bei ndogo, lakini ikianza kuvujisha oili baada ya gari kufungwa, oili hiyo huweza kufika kwenye klachi pleti mpya na kuiharibu, kisha ulipe upya kazi yote ya kushusha giaboksi. Kwa hiyo kuibadilisha wakati ule kulikuwa na busara. Jambo la kukagua ni moja: amekutoza muda gani kwa ajili ya sili? Giaboksi ilikuwa imekwisha kushushwa, hivyo kinachostahili kuongezwa ni ule muda mdogo wa kuing'oa na kuiweka mpya. Akiwa amehesabu kushusha giaboksi mara mbili, hapo una haki kamili ya kudai. Injini nyingi ambazo pampu ya maji imejificha nyuma ya mkanda wa taimingi huleta hesabu ya namna hiyo hiyo: mkanda ukiwa umekwisha kufunguliwa, pampu huongeza muda mdogo tu.

Msimamizi wa magari ya kazini

Nakubaliana na fundi kuhusu hesabu, ila sikubali kazi kuongezwa bila ruhusa ya mwenye gari, hata iwe na manufaa kiasi gani. Simu moja ingetosha. Mimi hudai makadirio ya maandishi kabla spana haijashikwa, spea upande wake na ufundi upande wake, na hudai vipande vya zamani nivione. Klachi pleti iliyokwisha hujieleza yenyewe: bitana, yaani ule utando wake wa msuguano, imelika hadi karibu na vichwa vya riveti zinazoushikilia.

Vilevile, msikatae kulipia upimaji. Kompyuta ya kupimia gari ikitoa msimbo P0420, yaani onyo kwamba moshi hausafishwi ipasavyo, haimaanishi moja kwa moja kwamba kifaa cha kusafishia moshi kimekufa. Ekzosi inayovuja au sensa ya oksijeni iliyochoka huweza kuleta msimbo huo huo. Anayesoma msimbo na kuagiza spea papo hapo anakisia kwa fedha zako, na anayepima kwanza anastahili ujira wake hata kama hakufungua nati moja.

Mwenye gari

Nashukuru sana. Nimeirudia hesabu: ufundi wote umeandikwa kwa jumla, na sili haikutengwa. Nitamwomba aichanganue. Lakini kwa siku zijazo, fundi wa kuaminika hutambulikaje kabla ya kumkabidhi kazi kubwa?

Fundi wa injini

Mpe kwanza kazi ndogo, kama breki padi, na umtazame. Je, gari analiweka juu ya stendi au analiacha kwenye jeki peke yake? Nati za magurudumu anazikaza mwisho kwa spana ya kupimia mkazo? Analijaribu gari barabarani kabla ya kukurudishia ufunguo? Kisha muulize dhamana ya ufundi ni ya muda gani, na kazi ikirudi nani atalipia kufungua tena. Akikujibu hilo la mwisho kwa maandishi, mpe na klachi.