Tupeane uzoefu: paka na mbwa kulala kitandani na kwenye makochi, mnafanyaje?

Mtaa wa Kati
Wakuu, kila nyumba yenye paka ina ugomvi huu. Mmoja anataka alale kitandani, mwingine anamtaka abaki jikoni. Uzi huu ni wa wanaojua kazi: viroboto, makucha, manyoya, mkojo. Leteni vipimo na hatua. Habari za "mimi napenda, mimi sipendi" tuziache.

Naanza na chandarua, maana ndicho kinachosahaulika. Paka hakichani kwa ubaya, anakigeuza machela. Anaruka kutoka juu ya kabati, anajilaza katikati ya dari yake, na makucha yananasa wakati wa kushuka. Cha pembe nne ndicho kinachoumia zaidi kwa sababu dari lake ni pana. Matundu ya paka huwa juu, mawili matatu yamefuatana kwenye mstari mmoja. Yakiwa chini na kingo zimetafunwa, huyo ni panya. Shona siku hiyo hiyo kwa uzi wa kawaida. Mchana kisokote ukifunge juu, na usogeze kabati mbali na kitanda. Usiku chagua moja: paka aingie kabla hujachomeka chini ya godoro, au abaki nje ya chumba mlango ukiwa umefungwa. Paka wa kuingia na kutoka saa nane usiku anafungulia mbu njia.

Bwana Mifugo
Umeanza vizuri mkuu. Mimi niseme ya viroboto, maana watu wanapambana na wale wanaoruka tu, na hao ni wachache mno. Sehemu kubwa ya kizazi haiko kwenye mnyama, iko kwenye shuka, mikunjo ya kochi na nyufa za sakafu. Jike mmoja hutaga mpaka mayai 40 au 50 kwa siku. Mayai hayana gundi, yanadondoka popote mnyama anapolala. Buu anajificha gizani, halafu anajifunga kwenye kifuko, na humo anaweza kukaa miezi akisubiri joto na mtikisiko wa miguu. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu ukiingia unashambuliwa ukiwa bado mlangoni.

Kupima: chukua chanuo la chawa, pitisha kiunoni juu ya mkia, kung'uta kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikiyeyuka na kuacha doa la wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, damu iliyosagwa. Zikibaki nyeusi ni vumbi.

Kutibu: wanyama WOTE wa nyumba siku moja, kila mwezi, kwa miezi isiyopungua mitatu. Shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Huna mashine? Ndoo moja ya maji yanayochemka ichanganye na ndoo moja ya maji ya bomba, unapata karibu nyuzi 60. Loweka nusu saa, fua, anika jua kali. Godoro na mito ya kochi vitoe juani, ugeuze pande zote, maana buu hawezi ukavu. Ukipulizia dawa nyumba mara moja ukakaa, walioko kwenye vifuko wanatoka baada ya wiki mbili, kisha unasema dawa feki.

Dada wa Chuda
Hilo la "dawa feki" ndilo kosa la kila siku. Kweli kabisa.

Kitovu cha Mji
Bwana Mifugo, ongeza minyoo. Paka akijilamba akameza kiroboto anapata tegu. Vile vipande kama punje za mchele mkavu vinavyoonekana kwenye shuka ndivyo hivyo. Dawa ya minyoo ya kawaida ya duka la mifugo mara nyingi haigusi tegu, ulizia yenye prazikwanteli. Na ukimtibu minyoo ukaacha viroboto, tegu anarudi.

Fundi Kochi
Nije kwenye makucha. Paka anakwarua kochi kunoa kucha, kujinyoosha na kuweka alama, kwa hiyo kumpigia kelele hakusaidii. Mpe kitu bora zaidi kuliko kochi. Tafuta nguzo ya mbao yenye kipenyo cha sentimita 10, urefu 80 au zaidi ili ajinyooshe mwili mzima, kitako cha plaiwudi 50 kwa 50. Izungushie kamba ya katani ya milimita 8, kama mita 15 hivi, gundi ya mbao na misumari midogo mwanzo na mwisho. Iweke pale pale anapokwarua, ubavuni mwa kochi. Ukiificha nyuma ya mlango hataigusa. Ikiyumba mara moja tu, ameiacha.

Kwa anayenunua kochi jipya: vitambaa vya nyuzi nene zilizolegea ndivyo vinavyomvutia. Mahameli yenye nyuzi fupi zilizobana hainasi kucha vizuri, anaichoka.

Hesabu Kwanza
Mita 15 hazitoshi fundi. Kipenyo 10, mzunguko ni sentimita 31.4. Kamba ya milimita 8 kujaza sentimita 80 ni mizunguko 100. Hiyo tayari ni zaidi ya mita 31, na kamba yenyewe ina unene unaoongeza mzunguko. Nunua 35.

Fundi Kochi
Ukiiacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko 15 zinatosha.

Hesabu Kwanza
Ukiacha nafasi kucha inaingia kati, kamba inalegea mwezi wa kwanza. Watu wanatoa hela zao, wapewe kipimo sahihi.

Mja wa Pwani
Mnasema paka na mbwa kwa pumzi moja. Mbwa kwenye kochi la sebuleni kwa Muislamu haiwezekani, nyumba inaswaliwa.

Ustadh Mdogo
Sheikh, tufafanue wenzetu waelewe. Paka ni tohara, hata akinywa maji ya udhu hayaharibiki. Mbwa kwa Shafii, madhehebu ya wengi wetu pwani, ni najisi nzito: palipoguswa na mate yake au unyevu wake paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakinajisi. Wamaliki wanamwona mbwa hai kuwa tohara. Kwa hiyo anayefuga mbwa wa ulinzi amjengee banda, na chumba cha kuswalia kiwe na mlango unaofungwa.

Mtaa wa Kati
Ahsante ustadh. Wa mabanda na wa makochi wote wana nafasi hapa, tuendelee.

Njia Fupi
Mnazunguka sana. Ile dawa ya mbwa ya matone ya shingoni, gawa nusu, mdondoshee paka, viroboto vyote chali siku hiyo hiyo. Au dawa ya josho, kifuniko kimoja kwenye ndoo.

Muuguzi wa Wanyama
NJIA FUPI, USIFANYE HIVYO, na aliyesoma asijaribu! Nyingi ya dawa hizo za mbwa zina pamethrini, sumu ya kuua wadudu, asilimia 45 hadi 65. Mbwa ini lake linaivunja. Paka hana kimeng'enya cha kutosha cha kazi hiyo, kwa hiyo nusu ya dozi bado ni sumu, na robo yake pia.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Saa chache za kwanza unaona masikio yanachezacheza na anakung'uta miguu kama amekanyaga maji. Watu wanadhani viroboto vinamuuma kabla ya kufa, wanafurahi. Halafu ngozi ya mgongo inatetemeka, mate yanatoka, akiguswa anaruka. Kisha anapepesuka, anaanguka, mwili mzima unatetemeka bila kukoma, joto linapanda, degedege linafuata. Dalili zinaweza kuchelewa mpaka siku ya tatu, na hapo mwenyewe ameshasahau kama alipaka dawa.

La kufanya: muoshe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mara mbili tatu, mpaka mafuta yaishe. Maji ya moto yanafungua mishipa ya ngozi, sumu inaingia haraka. Ya baridi yanamshusha joto, sumu inakaa muda mrefu. Mkaushe, mfunike, nenda kwa daktari wa mifugo na pakiti ya dawa mkononi. Usimpe maziwa, hayaondoi sumu, na paka anayetetemeka atayavuta mapafuni. Akiwahi kupata dawa za kutuliza misuli, wengi hupona ndani ya siku mbili tatu.

Dawa ya josho nyingi ni amitrazi. Hiyo nayo kwa paka ni usingizi mzito, mapigo ya moyo kushuka, mwili kupoa.

Sasa linalohusu uzi wenyewe: ukiwa na mbwa na paka wanaolala kochi moja, mbwa akipakwa pamethrini watenganishe saa 72. Paka anayemlamba mwenzake au kulalia shingo yake anaipata vile vile.

Dada wa Chuda
Jamani! Na chandarua chenye dawa je? Mtaa wa Kati kasema analala juu yake.

Muuguzi wa Wanyama
Dada usiogope. Dawa ya chandarua cha kiwandani imeshikamana na nyuzi zenyewe, ni kidogo na ni kavu. Kipya kitundike kivulini saa 24 kabla ya kulalia, kama inavyoelekezwa kwa watu. Hatari ni kile cha kuloweka kwa dawa ya maji, paka akakilalia kabla hakijakauka.

Njia Fupi
Nimeelewa. Sitarudia kuandika hivyo.

Mama Wawili
Kwa watoto mimi nasema paka nje kabisa. Mapunye yote ya shule yanatoka kwa paka.

Bwana Mifugo
Siyo yote mama. Mengi hupita mtoto kwa mtoto: kitana, kofia, mashine ya kinyozi. Lakini paka mdogo mwenye mabaka yasiyo na manyoya masikioni au usoni kweli anaambukiza, na mbegu za fangasi hukaa kwenye mablanketi zaidi ya mwaka. Huyo asipande kitanda mpaka apone. Mtoto mwenye mapunye ya kichwani apelekwe zahanati, krimu peke yake haitoshi, anahitaji dawa ya kunywa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka nakubaliana nawe: paka asilale naye, anafuata joto la pumzi na mtoto hawezi kumsukuma.

Mlinzi wa Zamu
Mbwa anayenguruma ukimwambia ashuke kochini, afanywe nini? Kuna wanaosema umvute kwa mkanda wa shingo ajue nani mkubwa.

Muuguzi wa Wanyama
Usimvute, hapo ndipo mikono inapong'atwa. Rusha kipande cha dagaa sakafuni mbali na kochi, sema "shuka" anapogusa chini, si kabla. Rudia mara kumi kwa siku wakati hana hasira, kisha anza kutaja neno kabla ya kurusha. Mtandikie gunia au kigodoro pembeni ya kochi hilo hilo. Nyumba nzima ishike sheria moja. Baba akikataza na watoto wakiruhusu, mbwa hajui ashike lipi. Kama ngurumo imeanza ghafla kwa mbwa mzee, apimwe viungo, huenda kushuka kunamuuma. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, hilo halina mjadala.

Hesabu Kwanza
Mkojo wa paka kwenye godoro la sponji, nani anaujua?

Kitovu cha Mji
Gandamiza kwa taulo kavu, usisugue, kusugua kunauzamisha. Siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 15, gandamiza tena, kisha nyunyiza baking soda mpaka kesho yake ndipo uanike. Jiki usiiguse, ikikutana na mkojo inatoa hewa ya kuchoma mapafu. Na dume anayechuchumaa mara kwa mara kitandani akitoa matone au asitoe kitu, usimgombeze kwa uchafu: njia imeziba. Daktari siku hiyo hiyo, kesho anaweza kuwa amekufa.